Kuchagua Mtazamo Chanya Mwezi Ukiwa Mpevu: Mwongozo Kamili kwa Mkristo wa Kigoma

Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma hupoa. Mitumbwi imepangwa ufukweni, wavuvi wanashona nyavu, na akina mama waliozoea kuanika dagaa tangu alfajiri wanapitia daftari la madeni. Sababu inajulikana na kila mtu wa mwambao: dagaa wa Tanganyika huvutwa na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda ziwani taa ya mvuvi haifui dafu. Basi kila mwezi zipo siku ambazo hela haiingii, lakini watoto wanataka kula, kodi ya chumba inadaiwa, na Jumapili kapu la sadaka linapita kama kawaida.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya siku hizo, na za namna hiyo zisizohusiana na samaki. Mkulima wa Kasulu ambaye maharage yake yameozea shambani anazijua. Kijana wa bodaboda wa Mwandiga mwenye pikipiki ya mkataba anazijua pia. Siku ndoo zimejaa kila mtu anachangamka bila kufundishwa.

Ninavyoyaelewa Maandiko, mtazamo chanya wa Mkristo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kumwambia Mungu ukweli wote wa hali yako. Ya pili ni kukataa ubaya wa hali hiyo usiwe bwana wa siku yako. Ukishika ya pili ukaacha ya kwanza, unakuwa mnafiki mwenye tabasamu. Ukishika ya kwanza peke yake, unazama. Petro alizishika zote mbili katika sentensi moja, tena akiwa mvuvi aliyetoka kuosha nyavu tupu: "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu" (Luka 5:5). Hakusema usiku ulikuwa mzuri. Alisema ulivyokuwa, kisha akashusha nyavu.

Kabla ya kuanza: mafundisho mawili ya kuweka kando

La kwanza ni lile la "usikiri". Mtu ana homa, anatetemeka, ukimuuliza hali anajibu kwamba yeye ni mzima kwa jina la Yesu, maana amefundishwa kuwa akiutaja ugonjwa ameufungulia mlango. Duka lake limefungwa kwa deni, naye anakiri umilionea. Sina ugomvi na imani inayoomba makubwa. Ila Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi kwamba dhiki iliyowapata Asia iliwalemea kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Aliikiri kwa maandishi, ikasomwa mbele ya kanisa, na wala haikumpunguzia imani.

La pili ni lile linalosema Mkristo aliyekomaa halii. Jibu lake ni Yohana 11:35. Yesu alijua kwamba muda si mrefu Lazaro angetoka kaburini, na bado alilia machozi.

Hatua ya 1: Tenganisha yaliyo mkononi mwako na yasiyokuwamo

Chukua daftari la kawaida la shule. Gawa ukurasa mara mbili kwa mstari. Kushoto andika yale ambayo huwezi kuyaamua: mwezi, mvua, bei ya dagaa wakifika Dar es Salaam, siku treni itakapoondoka, tabia ya mama mkwe. Kulia andika yale unayoweza kuyaamua leo, hata kama ni madogo.

Mfano mkubwa tuliuona mwaka 2024. Serikali ilisimamisha uvuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Hakuna mvuvi aliyeulizwa mtazamo wake kuhusu tarehe hizo. Hizo zinakaa kushoto. Lakini kulia kulikuwa na mengi: kukarabati mtumbwi uliokuwa ukivuja, kurudi kwenye michikichi ya familia na kukamua mawese, kwenda kwa mdai mapema kumweleza badala ya kujificha, kukaa na watoto jioni ambazo kwa kawaida baba yuko majini. Na kulia pia kulikuwa na mabaya ya kuchagua: kulewa mchana, kumpiga mke, kuiba injini ya mwenzio. Zuio lilikuwa moja kwa wote. Watu hawakulipitia sawa.

Usiiruke hatua hii kwa kuona ni ndogo. Uchovu mwingi wa moyo unatokana na kupigana na yaliyo kushoto hadi nguvu za kulia zinaisha. "Yatosha kwa siku maovu yake," anasema Bwana katika Mathayo 6:34, na hapo amekubali kwamba maovu ya siku yapo.

Hatua ya 2: Lia kwanza, na ulie mbele za Mungu

Watu wengi wanaanza na shukrani. Mimi naanza hapa, kwa sababu shukrani iliyowekwa juu ya uchungu usiotajwa huchacha.

Fungua Zaburi ya 13. Ina aya 6 tu, na inakupa njia nzima. Aya mbili za kwanza ni malalamiko: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Aya ya tatu na ya nne ni ombi. Mbili za mwisho ni tumaini: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Hakuna mahali panapoonyesha kuwa shida ya Daudi ilikwisha kati ya aya ya pili na ya tano. Kilichobadilika ni mahali alipoielekeza.

Fanya hivi. Tafuta sehemu usiyosikika, iwe nyuma ya nyumba, shambani, au ufukweni kabla watu hawajajaa. Mwite Mungu kwa jina unalomwita siku zote. Kisha taja shida kama ilivyo, kwa majina na kiasi: "Nadaiwa laki mbili na nusu, mwenye nyumba amenipa hadi Ijumaa, mume wangu hapokei simu." Tumia lugha uliyonyonya, kama ni Kiha, sali kwa Kiha. Sala zetu nyingi za Kiswahili zimejaa maneno ya kuazima ya wahubiri, na mtu anaweza kusali nusu saa bila kusema kitu chake mwenyewe. Ukimaliza kutaja, omba jambo moja. Mwisho sema sentensi moja ya kumtumaini Mungu, hata kama hujaihisi. Dakika kumi zinatosha.

Itatokea siku ambayo ile sentensi ya mwisho haitoki. Siku hiyo soma Zaburi ya 88. Ni zaburi pekee ya aina yake: inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila aya ya kufungia yenye nuru. Waliokusanya Zaburi hawakuiondoa wala kuirekebisha mwisho wake. Kwa hiyo siku ya namna hiyo ina nafasi yake katika ibada, na Mungu haikatai.

Upande wetu huu tuna urithi wa jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Tanganyika, ulifundisha watu "kutembea nuruni", yaani kusema ukweli wa maisha yako mbele za Mungu na mbele ya ndugu. Wazee wa Uamsho walijulikana kwa furaha na nyimbo. Ile furaha ilitoka kwa watu waliokuwa wametaja dhambi na shida zao hadharani, kwa hiyo hawakuwa na cha kuficha.

Hatua ya 3: Asubuhi, Mungu kabla ya simu

Simu chaji chumba kingine, au iache mbali na kitanda. Ukiamka na simu mkononi, kabla hujanawa uso umeshaona stetasi ya jirani aliyenunua gari, msiba wa mkoa mwingine na ujumbe wa mdai wako. Siku imeshapangiwa sura na watu wengine.

Badala yake sema Maombolezo 3:22-23 kwa moyo: "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Kumbuka aliyeandika alikuwa akiutazama mji uliobomolewa, kwa hiyo hata ukiwa umeamka vibaya aya hii haikukejeli. Halafu angalia ule upande wa kulia wa daftari, chagua jambo moja la kufanya kabla ya saa nne, na umtajie Mungu. Moja. Ukichagua matano hutafanya hata moja, na kufika mchana utakuwa unajilaumu.

Hatua ya 4: Jibu fikra zako, usizisikilize tu

Zaburi 42:5 ina kitu cha ajabu kidogo ukikitazama: mtu anaihoji nafsi yake mwenyewe. "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Anairudia katika 42:11 na tena 43:5, maana mara moja haikutosha. Wengi wetu tunafanya kinyume chake kutwa nzima: nafsi inahubiri, sisi tunasikiliza.

Tuseme una mzigo wa dagaa umeanika, mvua imeshuka ghafla mchana, nusu wamelowa. Unajua kinachofuata: dagaa walionyeshewa hubadilika rangi na kuanza kutoa harufu, bei inaporomoka, wengine wanaishia kuwa chakula cha kuku. Hasara ni ya kweli. Ila tazama mwendo wa fikra baada ya hapo. "Dagaa wameharibika" inageuka "mimi sina bahati", nayo inageuka "nimerogwa" au "Mungu amenikataa", na ndani ya saa moja umemfokea mtoto ambaye hata hakuwepo mvua inanyesha.

Simamisha pale pale. Wafilipi 4:8 inatoa orodha ya mambo ya kutafakari, na la kwanza kabisa kwenye orodha ni yaliyo ya kweli. Yenye kupendeza yanakuja baadaye. Kwa hiyo ianze fikra yako na swali hilo. Ni kweli? Ni kweli yote, au ni kipande? Ningemwambia hivi dada yangu kama hasara ingekuwa yake?

"Mimi sina bahati." Jibu: Mwezi jana nilianika, jua likawaka wiki nzima, nikauza vizuri. Hii ni hasara ya leo. Na kama ufukwe huu unaloa kila vuli, ninahitaji turubai na chanja ya kuinua dagaa kutoka mchangani, ambavyo ni vitu vya kununua.

"Wenzangu wote wamejenga." Jibu: Wataje. Ukifika wa nne utakwama.

"Mungu amenisahau." Hii usibishane nayo kichwani. Irudishe hatua ya 2, uiseme kwake mwenyewe kama Daudi alivyoisema.

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo inayochukua muda kuzoeleka. Paulo anaieleza kwa lugha ya vita, "tukiteka nyara kila fikira ipate kumtii Kristo" (2 Wakorintho 10:5), na vita havimalizwi kwa semina ya siku moja, hata tangazo la semina likisema hivyo.

Hatua ya 5: Peleka lalamiko mahali penye masikio

Utaniuliza: umetuambia tulie, sasa unatukataza kulalamika? Angalia tofauti. Daudi alimlalamikia Mungu usoni. Israeli jangwani walimnung'unikia Mungu wakiwa mahemani mwao, wakikumbuka samaki waliokula bure Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu (Hesabu 11:5), wakasahau kwamba huko walikuwa watumwa. (Samaki wa zamani siku zote ni wakubwa kuliko wa leo, kaa kijiweni usikie.) Maombolezo yanaelekea kwa mwenye uwezo. Manung'uniko yanazunguka miongoni mwa wasio na uwezo, na kila mtu anaondoka ameongezewa mzigo.

Kwa hiyo weka kanuni: lalamiko langu nitalipeleka kwa Mungu, na kwa mtu anayeweza kurekebisha. Kama ushuru umetozwa bila risiti, dai risiti. Kama hesabu za kikundi hazieleweki, mwulize mweka hazina kwenye kikao, siyo kwa jirani yake. Kama kuna jambo la mwalo, lipeleke kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) au kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtazamo chanya hauna maana ya kukubali kuonewa. Paulo na Sila huko Filipi walichapwa bila kuhukumiwa, wakatiwa gerezani, na usiku wa manane walikuwa wakimwimbia Mungu (Matendo 16:25). Asubuhi walipoambiwa waondoke kimyakimya, Paulo alikataa: wametupiga mbele ya watu wote, nasi ni raia wa Rumi, waje wenyewe watutoe (16:37). Mtu yuleyule, usiku mmoja, aliimba na akadai haki yake.

Na salamu zako nazo ni sehemu ya ulimi. Waha hawasalimiani mbio. Mtu mzima akikwambia "Mwakeye" anasubiri jibu, kisha anauliza nyumbani na watoto. Rudisha desturi hiyo sokoni. Uliza habari, nyamaza, sikiliza jibu. Utashangaa siku inavyobadilika ukimtazama mtu mwingine kwa dakika mbili nzima.

Hatua ya 6: Shukrani yenye majina, mara moja kwa wiki

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo kundi moja la wanafunzi liliandika kila wiki, kwa wiki kumi, hadi mambo matano ya kushukuru. Kundi jingine liliandika kero zao, na la tatu liliandika matukio tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi kuliko wale wa kero, na hata mazoezi ya mwili walisema wamefanya zaidi. Mkristo hahitaji utafiti ili atii "shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18), lakini huu una msaada mmoja wa kiutendaji: mara moja kwa wiki iliwatosha.

Basi Jumapili mchana, baada ya chakula, andika matano. Yasiwe "uhai, afya, familia". Hayo tunayasema kama wimbo na akili haipo. Andika "Jumanne mama wa jirani alinianulia dagaa mvua ilipoanza." Andika "Mtoto amesoma Zaburi nzima bila kusaidiwa." Kadiri jambo linavyokuwa dogo na lenye jina, ndivyo linavyokufundisha kuona.

Onyo moja, na ninalisisitiza kwa sababu mkoani kwetu tunaliangukia sana: usishukuru kwa kupimia shida ya mwenzio. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imehifadhi wakimbizi kutoka Kongo, na nimesikia sala zaidi ya moja inayosema, "asante Bwana kwamba sisi si kama wao." Sala hiyo imo katika Luka 18, kinywani mwa Farisayo. Shida ya jirani inakudai huruma na mkono. Haikupewa iwe kipimo cha raha yako.

Hatua ya 7: Jiandae giza likiwepo

Kila mtu Kigoma anaijua habari ya MV Liemba, ila kipande kimoja husimuliwa haraka mno. Meli ililetwa kutoka Ujerumani vipandevipande, ikashushwa majini hapa mwaka 1915. Mwaka 1916, vita vikiwaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924 baada ya miaka yote hiyo chini ya ziwa, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ilipakwa maji yakiwa bado hayajaingia.

"Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo" (Mithali 4:23) ni kazi ya namna hiyo. Aya za hatua zilizotangulia zikariri wakati mambo ni mazuri, moja kwa wiki, ukiwa unakamua mawese au unasubiri abiria. Mtu aliyepigiwa simu ya msiba hawezi kuanza kutafuta kitabu cha Maombolezo kiko wapi.

Na sasa niseme jambo ambalo mimbarini halisemwi vya kutosha: nusu ya mtazamo wako iko kwenye fedha. Mwanamke aliyechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ambaye kila jioni anasubiri mtu wa kukusanya marejesho, haponi kwa wimbo wa kuabudu. Anahitaji kutoka kwenye deni. Kwa hiyo usiku wa giza ukiwepo na samaki wanapatikana, tenga fungu la siku za mbalamwezi kabla hujagusa kingine. Liweke kwenye kibubu, kwenye VICOBA yenye uongozi unaoaminika, au kwenye akaunti ya simu ambayo hukumbuki namba ya siri kwa urahisi. Mwezi ni kitu kinachotabirika kuliko vyote tulivyo navyo. Kalenda inakuambia mwaka mzima kabla. Kama tayari umo kwenye kausha damu, usichukue mwingine wa kulipia wa kwanza. Nenda kwa ndugu, kwa mzee wa kanisa au kwa mwenyekiti wa jumuiya ukiwa na karatasi yenye kiasi kamili, hata kama aibu inakukaba. Kanisa linaloweza kuchangia vipaza sauti vipya linaweza kumchangia mama mmoja akatoka.

Hatua ya 8: Chunga namna unavyowachangamsha wengine

Ukianza kuzizoea hatua hizi utapata kishawishi cha kuwa mwalimu wa kila mwenye huzuni. Mithali 25:20 inasema anayemwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito ni kama siki juu ya magadi. Wapishi wetu wanajua magadi yakikutana na kitu kichachu yanavyochemka.

Ukienda msibani au kwa mgonjwa, fuata Warumi 12:15: lia na anayelia. Kaa. Chota maji, osha vyombo. Sema "pole sana, mama", na kama huna la kuongeza, usiongeze. Usiseme "Mungu alimpenda zaidi." Usiseme "kila kitu kina sababu", hasa kwa mzazi aliyezika mtoto. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Wakaharibu walipofungua vinywa.

Hatua ya 9: Usiku, ifunge siku

Wakatoliki wana zoezi la kutafuta dhamiri, ambalo Mtakatifu Inyasi wa Loyola alilifundisha katika karne ya 16, na hakuna sababu Mpentekoste au Mwanglikana asilitumie. Kabla ya kulala shukuru, omba nuru, pitia siku kuanzia asubuhi hadi sasa ukiangalia ulipomkaribia Mungu na ulipomkimbia, omba msamaha, itazame kesho. Kama umemkosea mtu wa nyumbani, malizana naye usiku huohuo. Waefeso 4:26 haitaki jua lichwe na uchungu bado uko. Kisha lala. Hapa wengi watasinzia katikati, na si dhambi.

Pale ambapo tatizo si mtazamo

Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Kabla hujaulaumu moyo wako, kagua mwili: umelala saa ngapi wiki hii, umekula nini, una homa? Malaria na upungufu wa damu vinamfanya mtu yeyote aone dunia ni nyeusi, na dawa yake ni kupima na kutibiwa.

Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, mwili kuishiwa nguvu, kujiona hufai au kuwaza kifo, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, unatibika, na unawapata watakatifu kama malaria inavyowapata. Mama aliyejifungua karibuni anaweza kuupata akiwa na mtoto mzuri na mume mwema. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, ueleze dalili bila kuzipamba. Mtu akisema anataka kujiua, usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu na dawa za shambani, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Anayepigwa nyumbani naye asipewe mwongozo huu kama jibu. Asindikizwe dawati la jinsia na watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, na apatiwe mahali pa kulala usiku huo.

Maombi yaendelee katika yote haya, asubuhi na jioni, na wazee waje wampake mafuta kama Yakobo 5:14 inavyosema. Lakini anayetumia dawa za sonona au za ugonjwa mwingine wa akili asiziache kwa sababu mtu amemtabiria uponyaji. Kupunguza au kuacha ni mazungumzo yake na daktari wake. Ukiwa ndiye unayemwombea, muulize pia tarehe yake ya kurudi kliniki, na kama nauli ya bajaji ndiyo inayomkwamisha, mpe nauli.